Mama, unaongoza kwa sauti ya nani?



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wetu, mama mmoja wa chama alinivuta pembeni. Amepewa kusimamia depo ya unga na mchele sokoni, na chini yake kuna vijana sita, watano wanaume. Akaniuliza kwa sauti ya chini: «Yaya, nifanye nini ili waniogope?»

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kulibeba mimi, na jibu nililolipata lilikaribia kumuua mtu. Nikamwambia nitaliandika hapa, ili na wengine walisome.

Mimi ni muuguzi. Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa kuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kimoja cha mlimani, huku kwetu Kivu ya Kusini. Jina la kituo litabaki kwangu. Kilikuwa kituo kidogo: wauguzi wanne, wakunga wawili, kijana wa maabara, mpokea makuta, mlinzi, na mama wa usafi. Nilikuwa nimekwisha kufanya kazi hapo miaka sita, zaidi ya usiku, na watu wote walinijua.

Aliyenitangulia alikuwa mzee wa sauti kubwa. Akitokea kwenye kona ya njia, mama wa usafi alianza kufagia hata kama amekwisha kufagia. Rapoti za mwezi zilifika kwenye ofisi ya zone ya afya kwa wakati, uwanja ulikuwa safi, na wageni walisifu. Alipoondoka, kila mtu alinipa shauri moja. Mkubwa wa zone alisema: «Wewe ni mpole sana, watakukalia kichwani.» Shangazi yangu alisema hivyo. Hata bwana yangu alisema hivyo, naye ananipenda.

Basi nikaiazima ile sauti. Sijui niseme namna gani, lakini asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa ninakunja uso mbele ya kioo. Nilianza kugombeza mbele ya wagonjwa. Aliyechelewa nilimkata makuta kwenye prime yake. Muuguzi mmoja kijana, msichana aliyetoka shule juzi tu, alikuja kuniambia kwamba frigo haipozi vizuri. Nikamuuliza mbele ya wengine: «Umeifanya nini? Ikiharibika utalipa wewe.» Akasema hapana mama, inafanya kazi. Akarudi zake.

Ni neno dogo lile. Nilikuwa nimekwisha kulisahau kabla ya saa sita ya mchana.

Frigo yetu ilitumia nguvu za jua. Ndani yake tulihifadhi chanjo za watoto na ositosini, ile dawa tunayomdunga mama baada ya kuzaa ili damu isitoke nyingi. Wamama wengi mmedungwa hiyo bila kujua jina lake. Dawa hiyo inataka baridi ya digrii kati ya 2 na 8. Ikikaa katika joto siku nyingi inapoteza nguvu polepole, na kwa macho huwezi kujua, kwa sababu rangi haibadiliki. Ndiyo maana kwenye mlango wa kila frigo ya kituo kuna karatasi: mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mtu anasoma kipimajoto na kuandika namba.

Karibu wiki tatu baadaye, usiku, mama mmoja alizaa mtoto wake wa tano. Mtoto akatoka vizuri, analia. Kondo la nyuma likatoka. Lakini damu ikaendelea. Tukadunga, ikaendelea. Tukadunga tena. Mkunga wetu mkubwa, mama wa miaka mingi katika kazi, alikuwa anasugua tumbo kwa mkono mmoja na kuniangalia mimi. Tukamfunga kikwembe, tukamlaza kwenye kitanda cha kubebea, na wanaume wa jirani wakambeba kuteremka mpaka barabarani, mimi nyuma nikishika chupa ya seramu. Hospitali kuu ilimwongezea damu. Alipona. Mtoto wake leo anasoma, nilimwona mwaka huu.

Niliporudi asubuhi niliifungua ile frigo. Chupa zilikuwa vuguvugu, kama fanta inayouzwa juani. Kwenye chupa za chanjo ya polio kuna alama ndogo ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ule ni mweupe chanjo ikiwa nzima, na joto linaufanya kuwa mweusi kidogo kidogo. Yetu ilikuwa imekuwa meusi kama duara lenyewe, maana yake tupa. Kisha nikaangalia karatasi ya mlangoni. Asubuhi 5, jioni 5. Asubuhi 5, jioni 5. Wiki tatu nzima, kwa mwandiko wa yule msichana na wa wenzake wawili.

Ninataka niseme ukweli hapa: hakuna anayeweza kuapa kwamba dawa ile ndiyo iliyoshindwa. Damu baada ya kuzaa ina sababu nyingi, na mama wa mtoto wa tano yuko katika hatari hata dawa ikiwa nzima. Lakini tulidunga kitu tusichojua kama kina nguvu, na watu watatu walijua, na hakuna aliyekuja kwangu.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu yao. Nilikuwa tayari kuandika barua ya kuwafukuza. Mkunga mkubwa aliingia biro yangu, akafunga mlango, akaketi bila kuambiwa.

«Mwanangu,» akasema, «ulipokuwa muuguzi wa usiku, sisi wote tulikuja kwako. Sindano ikipotea, tunakuambia wewe. Mtu akikosea dozi, anakuambia wewe. Hata yule mzee alikuwa hajui, lakini wewe ulijua, ulikaa nasi ukauliza mpaka jambo likanyooka. Sasa wewe ndiye mkubwa. Niambie, watu wamwendee nani?»

Nikasema: «Mama, waliniambia niwe mkali.»

«Ukali ni wa yule mzee. Aliuvaa kama koti lake. Wewe umelivaa, na mikono ni mirefu.»

Sijapata kusoma kitabu cha uongozi kilichonifundisha kuliko maneno yale. Baadaye nilisoma vitabu vingine, na nikakuta wenye elimu wamepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1939, Kurt Lewin, Myahudi aliyetoka Ujerumani kwa sababu ya Hitler, pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha utafiti walioufanya Iowa, Marekani. Waliwaweka wavulana wa miaka kama kumi katika vikundi vidogo vya kazi za mikono. Kulikuwa na uongozi wa amri, ambapo mkubwa anaamua kila kitu. Kulikuwa na uongozi wa kushauriana. Na kulikuwa na kiongozi aliyekaa tu na kuwaacha watoto wafanye wapendavyo. Chini ya amri, kazi ilikwenda mkubwa akiwa chumbani, na akitoka tu, inalegea. Waliozoea kushauriana waliendelea hata mkubwa akiwa nje. Walioachwa wenyewe walifanya kazi kidogo kuliko wote. Mkumbuke hilo kundi la tatu, nitalirudia, maana ndilo lililonipata baadaye.

Na kuna mama mmoja wa Marekani, Amy Edmondson. Mwaka 1996 alichapisha uchunguzi juu ya wauguzi wa hospitali na makosa ya kutoa dawa. Alitegemea kwamba vikundi vyenye uongozi mzuri vitakuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume: vikundi vizuri vilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye karatasi. Alipochunguza zaidi, akaona kwamba pengine hawakosei kuliko wengine, ila wanathubutu kusema. Nilipoyasoma hayo nilifikiri karatasi yetu ya mlangoni. Asubuhi 5, jioni 5. Karatasi nzuri kuliko zote katika zone nzima.

Hata nyumbani tunaliona. Mtoto anayepigwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika hajifunzi kushika sahani. Anajifunza mahali pa kuficha vipande.

Sasa, wengine mtasema: basi uongozi ni upole, tuwe wapole wote. Sisemi hivyo. Nina rafiki, mkurugenzi wa shule ya msingi, ambaye ni mkali tangu tumboni mwa mama yake. Anaamua haraka, anasema kwa maneno matatu, hana maneno ya asali. Walimu wake wanampenda, kwa sababu ukali wake hauna siri: akikuambia umekosea, amemaliza, kesho anakugawia samaki. Watu wanamletea habari mbaya bila kuogopa, maana wanajua atalifanyia jambo kazi siku ile ile. Akijilazimisha kuwa mpole kama mimi, walimu wangeuliza kama anaumwa. Ukali kwake ni ngozi yake mwenyewe.

Tatizo letu wamama ni kwamba sura ya mkubwa tuliyoonyeshwa tangu utotoni ilikuwa moja tu. Msisahau tumetoka wapi. Katika nchi yetu Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri, mwaka 1966. Lakini Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga katika mambo ya kisheria, na hilo lilibadilishwa na sheria ya Julai 2016 tu, juzi. Waziri mkuu wa kwanza mwanamke, Judith Suminwa, aliteuliwa Aprili 2024. Wengi wetu tumeingia katika biro ambayo hakuna mwanamke aliyekaa mbele yetu, hivyo tunachukua koti tunalolikuta limetundikwa.

Namna yako utaijuaje? Mimi nilianza na lile swali la mkunga: watu walikuja kwako kutafuta nini, wakati hukuwa mkubwa wa mtu? Hakuna aliyewatuma, hukuwa na cheo, lakini walikuja. Kuna mama wanamwendea awasuluhishe. Kuna mwingine wanamwendea awafanyie hesabu, kwa sababu hesabu yake haikosei. Mwingine hasemi sana, lakini akishika jembe wote wanashika, siku ya salongo mnamwona. Mwingine anafundisha: hata akipika sombe anaeleza. Na kuna yule ambaye mambo yakiharibika anasema «wewe fanya hili, wewe lile», na watu wanafuata kabla ya kujiuliza kwa nini.

Kama hukumbuki, chukua kaye. Kwa wiki moja, kila usiku, andika jambo moja lililoharibika kazini na kitu cha kwanza ulichofanya. Usiandike ulichopaswa kufanya. Je, ulishika kazi kwa mikono yako mwenyewe? Uliita watu? Ulitafuta karatasi? Ulipaza sauti? Siku ya saba utaona kwamba umefanya jambo lile lile mara nne au tano. Kisha muulize mtu mmoja asiyekuogopa. Bwana anaweza, lakini binti wa miaka kumi na minne anafaa zaidi, hana adabu ya kukuficha.

Lakini msifikiri kazi imeishia hapo, maana mimi nilifikiri hivyo, nikaanguka upande wa pili.

Siku ya tatu baada ya ule usiku niliwakusanya wote, hata mlinzi. Niliwaambia kosa langu kwanza: kwamba nilimziba mdomo aliyeleta habari ya frigo. Kisha nikasema mambo mawili. Anayeleta habari ya kitu kilichoharibika hatalipa, hata kama kiliharibika mikononi mwake. Anayeandika namba ya uongo ataondoka. Yule msichana alilia sana. Hakuondoka, kwa sababu kanuni ilianza siku ile, si kabla. Wakubwa wengine wangemfukuza, na siwalaumu.

Nikarudia namna yangu: kukaa na mtu, kuuliza, kusikiliza mpaka mwisho. Habari zikaanza kuja. Zikaja nyingi mpaka nikachoka! Lakini baada ya miezi miwili, kijana wa maabara alianza kufika saa nne asubuhi. Nilikaa naye, nikasikiliza: mtoto anaumwa. Wiki iliyofuata, mvua. Iliyofuata, mama mkwe. Wengine wakaona, nao wakaanza kuchelewa. Hilo ndilo kundi la tatu la Lewin. Upole wangu uligeuka kuwa kuwaacha tu, na waliolipa ni wagonjwa waliotoka vijijini usiku ili wapimwe asubuhi.

Jibu nililipata katika chama chetu, hapa hapa. Angalieni kisanduku cha akiba. Vikundi vya akiba vya namna hii vilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wamama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na vimefika mpaka kwetu. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu tofauti. Faini ya kuchelewa inaamuliwa na wote mwanzoni mwa mzunguko, inaandikwa, na siku ya kuchelewa hakuna haja ya kugombana. Prezida wetu anaweza kuwa mpole kama maji, na faini inalipwa. Ugumu ambao prezida hana, umewekwa ndani ya kanuni na ndani ya kufuli.

Nami nikafanya hivyo. Tuliketi pamoja tukaamua saa ya kufika na faini yake, wakaiandika wenyewe. Kaye ya saa nikampa mkunga mkubwa, ambaye hana huruma na saa hata kidogo. Mimi sikubadilika. Kijana wa maabara bado alikuja kuniambia shida zake, nami nikasikiliza, kisha akaenda kulipa faini kwa mama.

Kuna wakati mmoja tu ninapoiacha namna yangu kabisa, nao ni pale damu inapotoka. Hapo hakuna kushauriana. Ninasema majina na kazi, kwa maneno mafupi, na sauti inapanda. Lakini tulikwisha kupatana siku ya utulivu: nani anasugua tumbo, nani anadunga, nani anakimbia kuita wabebaji. Wanajua kwamba sauti ile ni ya damu tu, na kesho yake nitaketi nao kuuliza ilikwendaje. Ndiyo maana hawaiogopi. Nina hakika hata mkurugenzi rafiki yangu ana wakati wake wa kulainika, mzazi aliyefiwa akija shuleni kwa mfano.

Nirudi kwa mama wa depo. Nilimuuliza kabla ya kazi hii vijana wale walimwendea kwa nini. Akafikiri. Akasema walimwendea mwisho wa mwezi, awahesabie mishahara na madeni yao, kwa sababu yule mwenye depo alikuwa anawachanganya. Basi, mama, si unaona? Hao hawakuhitaji kukuogopa. Walikuamini katika hesabu. Nikamwambia ahesabu magunia kila jioni pamoja na kijana mmoja, kwa zamu, na wote wawili waweke sahihi kwenye kaye. Gunia likipungua, waseme jioni ile ile. Na jambo ambalo hana, yaani kusukuma wanaume wenye nguvu wapakue lori haraka mvua inapokaribia, ampe yule kijana mkubwa kati yao ambaye wengine wanamfuata. Alisita. Aliogopa kwamba kijana atamnyang'anya kiti. Nikamwambia kiti chake kiko kwenye kaye.

Tangu hapo ameniambia kwamba kaye ilionyesha magunia mawili ya mchele yaliyolowa, na aliyesema ni kijana aliyeyaweka chini ya paa linalovuja. Mwenye depo hakufurahi, kama mnavyojua wenye depo. Lakini mchele uliobaki ulihamishwa usiku ule ule.

Kwetu kituoni, yule msichana wa frigo sasa ndiye anayeshika karatasi ya mlangoni. Alileta wazo kwamba asomaye asubuhi awe mama wa usafi, kwa sababu ndiye anayefika wa kwanza, na alimfundisha kusoma kipimajoto. Mwezi huu kuna jioni moja imeandikwa 11 kwa wino mwekundu, na chini yake: «Wingu siku mbili. Nimepeleka chanjo na dawa kituo jirani kwa sanduku la barafu. Nimemwambia mama saa kumi na mbili.» Ni kweli aliniambia. Nilikuwa ninakula, nikaacha sahani, tukaenda wote.